Kusoma Bastola Kongwe: Liège, Oberndorf, Suhl

Alhamisi, Köln hadi Liège

Treni ya Köln hadi Liège ni ya saa moja hivi, muda wa kutosha kukagua mfuko: kioo cha kukuzia, tochi ndogo, kalipa ya kupimia vipenyo, ya plastiki kwa sababu ya chuma hukwaruza, glavu za pamba, sumaku, na ufito wa mbao. Bisibisi niliiacha nyumbani makusudi. Mwenye bastola kongwe akimwona mgeni anatoa bisibisi hukunja uso, na ana haki ya kukunja.

Mimi mtu wa Tanga, nimelowea Ujerumani. Nakusanya bastola za kijeshi za zama za gumegume, zinazowasha baruti kwa cheche ya jiwe, na za fataki, zinazoiwasha kwa kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa na nyundo, na sababu kubwa ni sheria. Hapa mtu mzima wa miaka 18 anaweza kununua bastola ya gumegume bila kibali, na vilevile ya fataki yenye mtutu mmoja na mlio mmoja, mradi muundo wake ni wa kabla ya 1 Januari 1871. Ukitaka bastola zilizokuja baadaye, zinazotumia risasi za ganda, lazima uwe na kadi nyekundu ya wakusanyaji, na huipati mpaka ueleze unakusanya nini na kwa nini. Kwa hiyo bastola za Kijerumani kama Mauser na Parabellum nazisoma kwa macho tu. Za kwangu ni zile za kushindilia baruti na risasi kwa mdomo wa mtutu.

Nilifunga safari na swali moja. Majeshi hayatupi kitu: bastola hukarabatiwa, hugeuzwa mtambo, hupigwa nambari mpya, hurudishwa kazini. Maduka nayo hubadilisha, ila kwa tamaa ya bei. Basi ukikuta bastola iliyoguswa, umjue vipi aliyeigusa?

Papa alinipokea stesheni ya Guillemins. Ni mzee wa Lubumbashi, alisomea ufundi wa bunduki hapa hapa Liège na hakurudi tena. Kiswahili chake cha Katanga na changu cha pwani hugongana kidogo, lakini kwenye vyuma tunaelewana vizuri.

Ijumaa, Liège

Grand Curtius ni jumba jekundu refu kando ya mto Meuse. Aliyelijenga, Jean Curtius, alitajirika kwa kuwauzia Wahispania baruti. Mkusanyo wa silaha wa mji huu, ulioanzishwa 1885, sasa uko humo. Imo pia picha ya Bonaparte iliyochorwa na Ingres mwaka 1804, Konsuli wa Kwanza wa Ufaransa amevaa nguo nyekundu za mahameli. Papa hakuitazama. "Hiyo ni ya watalii, mwanangu," akanivuta.

Alitaka nianze na chapa. Liège ilikuwa na utaratibu wa kupima mitutu tangu 1672, na mwaka 1810, mji ukiwa chini ya Ufaransa, amri ya Napoleon iliweka utaratibu mpya. Mtutu hujazwa baruti kupita kiasi cha kawaida na kufyatuliwa. Ukisalimika, hupigwa mhuri: herufi ELG ndani ya duara la yai. Kuanzia 1893 duara hilo likavikwa taji. Kwa hiyo mhuri mmoja mdogo kuliko punje ya mtama unakuambia upande gani wa 1893 umesimama.

Lakini mhuri huo ni wa biashara. Bastola zilizotengenezwa na viwanda vya dola zilikaguliwa na maofisa wa jeshi, nao walikuwa na chapa zao. Ukikuta bastola yenye sura ya Kifaransa ya wapanda farasi, ina ELG peke yake, bila chapa ya mkaguzi wala jina la kiwanda cha serikali, basi kuna uwezekano mkubwa ni nakala ya Liège ya kuuza nje. Si bandia. Imetengenezwa na mafundi halisi, kwa wateja halisi. Ila usiilipie bei ya bastola ya jeshi la Napoleon.

Mbele ya kabati la bunduki za gumegume Papa alisimama muda mrefu. Alisema alipokuwa mtoto aliona gobore la namna ile ile likiwindia nyani mashambani. Si ajabu. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini, lakini ukaacha mlango wazi kwa gumegume zisizo na mifuo, ile mifereji ya kuzungusha risasi, ndani ya mtutu. Ulaya ilikwisha kuziacha zamani. Liège ikaendelea kuzifua kwa ajili yetu. Ndiyo maana umri wa gumegume huwezi kuukadiria kwa mtambo wake tu. Muuzaji akikwambia "gumegume, kwa hiyo ni ya miaka ya 1700", mwombe akuonyeshe mihuri.

Jumamosi, mezani kwa Papa

Siku hii ndiyo iliyolipa nauli yote. Mfanyabiashara mmoja, sitamtaja, alimwachia Papa bastola mbili azikague. Papa alitandika blanketi mezani, akafunga mapazia, akawasha taa moja iliyolala upande. Mwanga wa kutoka juu hufuta kila kitu. Mwanga wa ubavuni huonyesha kila mkwaruzo.

"Kwanza nini?" akaniuliza.

"Chapa, Papa."

"Hapana. Kwanza ujue kama iko kitu ndani."

Akaingiza ufito mdomoni mwa mtutu mpaka ukagota, akashika alama kwa kidole gumba, akautoa na kuulaza juu ya mtutu kwa nje. Ncha ilifika karibu na tundu la kupitishia moto. Mtutu ni mtupu. Ufito ungeishia vidole viwili au vitatu kabla ya hapo, tungejua kuna kitu kimeshindiliwa, na baruti nyeusi ikikaa pakavu haizeeki. Bastola iliyoshindiliwa enzi ya Waterloo inaweza kuua mtu leo sebuleni.

Ya kwanza ilikuwa bastola ya wapanda farasi ya Kifaransa, muundo wa Mwaka wa XIII, yaani mwaka wa 13 wa kalenda ya Mapinduzi ya Ufaransa, ulioanza Septemba 1804. Kipenyo cha ndani mm 17.1, mtutu wa takriban sm 20, pete fupi ya shaba ya manjano inayobana mtutu na mbao, kitako cha mjozi. Mkiani mwa mtutu, muundo umechongwa kwa mkono: "An 13". Bamba la mtambo lilikuwa na jina la kiwanda cha Charleville, na kiwanda kimeitwa cha Kaisari. Herufi hizo peke yake zinafunga mjadala wa miaka: kabla ya 1804 hapakuwa na kaisari, na baada ya 1814 wafalme walirudi wakabadilisha maandishi.

Nikaona nimemaliza. Jina, muundo, kipimo, vyote vinaafikiana. Papa akanipa kioo. "Angalia vidole vya yule alifungua."

Alimaanisha parafujo. Vichwa vya parafujo za kongwe huwa na mfereji mwembamba. Zikifunguliwa na bisibisi nene, kingo za mfereji hupasuka na kumeta. Hizi zilikuwa safi mno. Mbili hazikuwa za umri mmoja na nyingine. Kisha akaisogeza taa, akalaza bastola mpaka mwanga ukapita sambamba na mtutu. Kuzunguka tundu la moto kukatokea duara hafifu, rangi tofauti kidogo na chuma cha jirani. Kuna kitu kiliwahi kuzibwa pale.

Habari ikaanza kujitokeza. Gumegume hula mtutu wake. Kila mlio, moto hutoka kwenye kisahani cha baruti na kupita katika lile tundu, na chuma cha jirani hubanduka vishimo vidogo, mbao nazo huungua ukingoni. Bastola hii ilikuwa na vishimo kila mahali isipokuwa hapo. Kisahani cha shaba kilikuwa cha manjano angavu, hakina doa la moto. Na kwenye bamba la mtambo, chini ya kisahani, sumaku na kioo vilionyesha pini iliyojaza tundu la zamani, halafu tundu jipya limetobolewa pembeni yake.

Bastola hii ilizaliwa gumegume. Katika miaka ya 1840 Wafaransa waliingia katika fataki, na silaha nyingi za zamani ziligeuzwa: kisahani kikakatwa, kigongo cha kushika jiwe kikatolewa, nyundo mpya ikawekwa, chuchu ya kuvalia fataki ikasimikwa. Hilo lilikuwa badiliko la jeshi, limefanyika katika karakana ya jeshi, na mimi nalihesabu kuwa sehemu ya maisha yake. Kisha, baadaye sana, mtu akatambua kwamba gumegume huuzwa ghali zaidi kuliko fataki. Akairudisha ilikotoka kwa vipande vipya. Hilo ni la duka.

Papa hakukasirika. Alisema kazi yenyewe ni nzuri, aliyeifanya ana mikono. Akaandika kwenye karatasi: "Imerudishwa gumegume. Bei ya iliyogeuzwa, tena ya chini." Kwa maoni yangu ni chini zaidi ya hapo, kwa sababu iliyogeuzwa na jeshi ina ushahidi wake wote, na hii imefutiwa ushahidi mara mbili.

Ya pili tulimaliza upesi. Bastola nyeusi tii, mbaya kuiangalia, mbao zina nyufa, ELG bila taji, na namba ya kikosi iliyochongwa ovyo kwenye shaba ya kitako. Kila parafujo imeshikwa na kutu ya umri mmoja. Hakuna aliyewahi kuipenda kiasi cha kuiharibu. Ningeichukua siku ile ile kama si foleni ya karatasi za kuvusha mpaka.

Jumapili

Mvua. Soko la La Batte kando ya mto, jibini, kuku hai, soksi. Hakuna bastola, na ndivyo inavyopasa.

Jumatatu, njiani

Köln, Stuttgart, kisha reli inayopanda na bonde la Neckar. Usiku Oberndorf.

Jumanne, Oberndorf am Neckar

Mji mdogo umebanwa bondeni, mtu huwezi kuamini kwamba hapa ndipo zilipotoka bunduki zilizofika kila bara. Mwaka 1811 mfalme wa Württemberg aligeuza nyumba ya watawa wa Augustino kuwa kiwanda cha bunduki. Wilhelm na Paul Mauser, wana wa fundi wa kiwanda hicho, walikuja kukinunua miaka ya 1870. Kwa mtu wa Tanga jina hilo si geni: askari wa upande wa Wajerumani waliopigana pale mwezi Novemba 1914 wengi walikuwa na bunduki ya Mauser ya 1871, ya risasi moja moja na baruti ya moshi, kila mlio ukimtangaza aliyefyatua. Waingereza walipokimbilia melini waliacha bunduki za kisasa, na waliobaki ufukweni hawakuhitaji kuambiwa waziokote.

Jumba la makumbusho liko katika jengo liitwalo Schwedenbau, lililopata jina kwa oda ya bunduki kutoka Sweden. Nilikwenda moja kwa moja kwenye C96, bastola ya Mauser inayojipakia yenyewe. Waliibuni ndugu watatu wa familia ya Feederle, waajiriwa wa kiwanda, na hataza ikatoka kwa jina la Paul Mauser. Ilitengenezwa kuanzia 1896 hadi 1937, karibu milioni moja. Mfanye mtu aliyewahi kushika bisibisi aitazame ikiwa imefunguliwa: vipande vyote vinashikana vyenyewe kwa vyenyewe, na parafujo ni ile tu inayobana mbao za kitako. Mimi hushindwa kuamua kama huo ni ufundi au majivuno.

Kilichonileta ni ile ya 1916. Jeshi la Ujerumani, vita ikiwa imelibana, liliagiza C96 150,000 zitumie risasi ya mm 9 ya Parabellum badala ya ile ya mm 7.63 ya Mauser. Askari angeweza kuchanganya risasi, kwa hiyo tarakimu 9 kubwa ikachongwa kwenye mbao za kitako na kupakwa rangi nyekundu. Leo hiyo 9 huongeza bei, na mbao na rangi ni vitu rahisi. Kuna C96 za kawaida zilizochongewa 9 jikoni kwa mtu.

Nilisimama mbele ya kioo nikiandika nini cha kutazama mbali na tarakimu. Kipimo cha nyuma cha kulengea: ya jeshi la 1916 huishia mita 500, wakati za kiraia nyingi hujidai mita 1,000, umbali ambao hakuna bastola iliyofika kwa maana. Tai wa Prussia aliyepigwa mbele ya nyumba ya magazini. Nambari za vipande ziafikiane. Na mchongo wa 9 wenyewe uwe umezeeka sawa na mistari ya mbao inayouzunguka: vumbi na mafuta ya mikono vimeingia kote kwa kiasi kimoja. Hili la mwisho ndilo gumu kughushi, maana linahitaji mikono mingi na miaka.

Kwenye kabati la jirani kuna rivolva ya Mauser ya 1878, silinda yake imechongwa mifereji ya kukatiza, na ndani ya mifereji hiyo kipini huteleza na kuizungusha. Jeshi liliikataa likachagua ile rivolva ya dola ya 1879, nzito, ya mm 10.6, isiyo na hata chombo cha kutolea maganda. Unayasukuma kwa kijiti, moja moja, ukiomba adui awe mstaarabu. Kwa urembo Mauser ilishinda. Kwa kazi ya matope sina uhakika jeshi lilikosea.

Jumatano

Treni nne, kahawa mbaya, misitu ya Thuringia. Suhl baada ya magharibi.

Alhamisi, Suhl

Mji mwingine wa bunduki, wenye sanamu ya mfua silaha kwenye uwanja wa soko. Viwanda vyake: Sauer, Haenel, Simson. Familia ya Simson, Wayahudi, ndiyo iliyoruhusiwa kulitengenezea jeshi dogo la Ujerumani la baada ya Mkataba wa Versailles bastola zake. Wanazi wakawanyang'anya kiwanda miaka ya 1930, nao wakakimbia. Wengi leo hulijua jina hilo kwa pikipiki.

Mchana nilikuwa kwa mkusanyaji mwenye kadi nyekundu. Aliniwekea Parabellum tatu za muundo wa 1908. Kwenye bastola hizi kila kipande kidogo hubeba tarakimu mbili za mwisho za nambari kuu, kwa hiyo unasoma kama unayehesabu mahudhurio: kifyatulio, usalama, bamba la ubavuni, viungo vya juu. Karakana ya Erfurt ilizidisha, hata vipande ambavyo wengine walivisahau ilivigonga mhuri wa mkaguzi.

Moja ilikuwa na miaka miwili juu ya chemba, 1917 na 1920. Mgeni angedhani ni uchakachuaji. Kumbe 1920 ni alama ya umiliki ya serikali mpya, kuzitenga silaha zake na zile zilizozagaa mikononi mwa watu baada ya vita. Kipande kimoja kilikuwa na nambari ya zamani iliyofutwa kwa mstari, mpya imepigwa kando. Jeshi halikuona haya: lilikata ya zamani ukiiona, likaandika mpya.

Ya tatu ilikuwa nzuri kuliko zote, nyeusi-buluu ya kioo, nambari zote sawa. Nikailaza kwenye mwanga. Mhuri ukipigwa kwenye chuma, kingo zake huinuka kidogo. Hizi zilikuwa tambarare, na ndani ya herufi rangi ilikuwa ile ile ya nje. Kifyatulio, ambacho kwa bastola ya umri ule kilipaswa kuwa na manjano ya majani makavu, kilikuwa buluu. Imesuguliwa, imepakwa upya, na nambari moja au mbili nadhani zimepigwa siku hiyo hiyo. Mwenyewe alikuwa akitabasamu. Anaiweka kwa ajili ya kuwapima wageni.

Ijumaa, kabla ya mnada

Mji mdogo si mbali na Suhl, ukumbi wa mnada, meza ndefu. Nilichokuja kutafuta: bastola ya fataki ya wapanda farasi wa Prussia, muundo wa 1850. Mlio mmoja, mtutu mmoja, kabla ya 1871. Sheria haina neno nayo.

Ufito kwanza. Mtupu. Taji na herufi FW za Friedrich Wilhelm zimezama vizuri na kingo zake zimeinuka. Kofia ya shaba ya kitako ina pete yake na namba ya kikosi. Shaba imekuwa kahawia, hata ndani ya namba. Mbao zina mbonyeo mrefu upande wa kushoto ambao kwa jicho langu ni wa kusuguana na mfuko wa tandiko, si wa kuangushwa. Nyundo ina rangi tofauti kidogo na bamba la mtambo, na parafujo yake ni mpya.

Niliomba tufungue mtambo tuone ndani. Mhudumu akakataa kwa adabu. Nikampigia Papa, nikamweleza nyundo.

"Jeshi ama duka?" akauliza.

"Sijui, Papa, mpaka nione ndani."

"Basi toa bei ya usiyejua, mwana."

Nikaandika bei ya bastola iliyobadilishwa nyundo na mtu nisiyemfahamu, theluthi moja chini ya nilivyokuwa nimekusudia, nikaiacha kwenye bahasha.

Wiki iliyofuata

Ilinifikia ndani ya sanduku la mbao. Nikafungua mtambo kwa bisibisi nyembamba iliyonolewa kulingana na mfereji. Ndani ya bamba kuna alama ya kuunganishia iliyogongwa kwa patasi, mistari mitatu. Chini ya mtutu mistari mitatu. Kwenye nyundo, upande unaogusa bamba, mistari mitatu tena, imejaa uchafu wa zamani. Nyundo ni ya tangu mwanzo, imesuguliwa kwa nje tu na mtu aliyeitaka ing'ae. Parafujo ni ya duka. Nimeiacha ilivyo, nikapaka mafuta kidogo, nikaandika yote mawili kwenye daftari, na picha nikamtumia Papa.